Vitabu vinne nilivyovipeleka klabuni, na kelele vilizozua

Kwa miaka minane sasa mimi ndiye mchagua vitabu wa klabu yetu ya usomaji. Sikupigiwa kura. Siku moja nilisema kitabu cha mwezi ule hakifai, nikajibiwa, "Basi cha mwezi ujao lete wewe," na tangu siku hiyo zigo halijashuka mgongoni. Tukikamilika tuko kumi na wawili, lakini siku nyingi tunakuwa saba au wanane: mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Mwalimu tu, muuguzi wa zamu za usiku, kijana anayesomea sheria, mama mmoja fundi cherehani, mhasibu ambaye hajawahi kukubaliana na mtu kabla ya saa nzima kupita, na wengine wanaoandama na kutoweka kama mwezi.

Hapa natathmini vitabu vinne nilivyowahi kuwapelekea. Sivipimi kwa umaarufu wala kwa utamu wa lugha, ingawa lugha nitaigusa. Nauliza jambo moja tu: kitabu hiki ukikiweka katikati ya watu wenye akili zao, kinawasha mjadala au kinauzima?

Kabla ya hapo niwaeleze nilivyojifunza, maana nilijifunza kwa aibu. Kitabu cha kwanza kabisa nilichopeleka sitakitaja jina, kosa lilikuwa langu na si lake. Ni riwaya nzuri. Nilikesha nayo, nikalia kurasa za mwisho, nikawapigia watu simu kuwahimiza. Siku ya kikao wote walikuwa wamemaliza kusoma, jambo ambalo halijatokea tena hadi leo. Nikafungua: "Haya jamani, mmekionaje?" Kizuri. Kizuri sana. Yule mama alinitoa machozi. Hata mimi. Kisha kimya. Nikamgeukia mhasibu, tegemeo langu la fujo, akasema hana la kuongeza. Dakika ya ishirini mtu akauliza kama kuna anayemjua fundi mzuri wa mabomba, na hapo ndipo mazungumzo yalipochangamka.

Nilirudi nyumbani nikakifungua tena kitabu kile nione kilichotuponza. Nikagundua kwamba mwandishi hakutuachia kazi. Mbaya wake ni mbaya tangu anapoingia mlangoni, mwema anaonewa mchana kweupe, na mwisho kila mtu anapata stahiki yake. Kesi ilishasikilizwa na hukumu ikasomwa, sisi tukaitwa kupiga makofi tu. Ukisoma peke yako kitandani, raha tupu. Ukiwa na watu wanane kwenye viti, mnaangaliana.

Tangu hapo, kabla sijapendekeza kitabu chochote, natafuta ukurasa ambapo mhusika anaamua jambo zito. Kisha najiuliza: muuguzi na mhasibu, wote wawili watu waungwana, watausoma ukurasa huu kwa namna moja? Kama ndiyo, natafuta kitabu kingine. Kama sivyo, naandika swali moja kwenye karatasi na kulichomeka hapo hapo. Lazima liwe swali ambalo mimi mwenyewe sina jibu lake. Nikijiona ninalo, kitabu kinarudi rafuni, kwa sababu najijua: nitakaa kikao kizima nikiwavuta watu waje kwenye jibu langu.

Cha kwanza kilichofaulu ni Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1963, akalipitia upya na kulitoa tena mwaka 1969. Niliogopa kukipeleka. Shakespeare, tena tamthilia, tena mashairi. Nilidhani nusu yao watapata dharura za ghafla. Kilichoniokoa ni urefu wake. Ni kitabu chembamba, unakimaliza kwa jioni mbili, na watu waliomaliza kitabu hubishana vizuri kuliko waliokwama katikati. Riwaya ya kurasa mia sita ina mambo mengi ya kujadili, sikatai, lakini wa kuyajadili watakuwa wawili, wengine watakuwa wanawaomba wasiwaharibie mwisho.

Sikuanza na maswali. Niliwapa watu wawili hotuba mbili za msibani waisome kila mmoja yake kwa sauti. Fundi cherehani akawa Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari. Brutus hasemi kwa mashairi pale, anasema kwa maneno ya kawaida, yaliyopangika, hoja juu ya hoja: nilimpenda Kaizari, lakini Roma niliipenda zaidi. Tukatikisa vichwa. Mantiki safi. Kisha kijana wa sheria akasimama kuwa Antony, rafiki wa marehemu, na huyo anazungumza kwa ushairi. Anaanza polepole, anawasifu wauaji kwa uungwana wao hadi sifa yenyewe inageuka tusi. Anautaja wosia wa marehemu, kisha anakataa kuusoma. Anaonyesha vazi lililotobolewa na visu. Umati unawaka na kuanza kukimbia kwenda kuchoma nyumba, naye anawaita warudi: mmeusahau wosia! Kumbe ndani yake kila raia ameachiwa drakma 75.

Alipomaliza, muuguzi akasema polepole, "Mimi nimekubaliana nao wote wawili, na naona haya." Sikuhitaji kufungua mdomo tena kwa saa nzima. Mhasibu akamtetea Brutus hadi jasho likamtoka. Mwalimu akatuonyesha jambo ambalo wengi wetu tulilipita mbio: Brutus anapomaliza kueleza kwamba amemuua Kaizari ili Roma isiwe na mfalme, mmoja katika umati anapaza sauti kwamba Brutus huyo ndiye awe Kaizari. Maana yake hawakuelewa hata neno moja. Sasa Brutus alimuua mtu kwa ajili ya nani? Na mbele kidogo tu, baada ya hotuba zile, kuna ile sehemu fupi ya Cinna mshairi, anayeuawa na umati kwa sababu jina lake linafanana na la mmoja wa waliokula njama. Anajieleza kwamba yeye si yule. Wanamjibu kwamba haidhuru, jina ni lile lile.

Kuna na jambo la pembeni ambalo lilikula robo saa: mtu aliyekuwa anaongoza nchi alikaa akatafsiri tamthilia kuhusu kuuawa kwa mtu anayeongoza nchi. Alikuwa anajionya? Anawaonya wengine? Au alipenda tu ushairi na kutaka kuonyesha kwamba Kiswahili kinaubeba? Hatukufika popote, na nilifurahi. Lugha inataka subira kurasa kumi za mwanzo, basi. Kwa kuwasha mjadala nakipa alama zote, ila msisome kimyakimya. Kitabu hiki bila sauti ni nusu ya kitabu.

Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, ilinipa somo tofauti. Samahani kwa wapenzi wake, nami nikiwemo. Kiswahili kile bado kinanifanya nirudie sentensi mbili tatu kwa sababu ya utamu tu. Lakini mezani kilianza kwa kuchechemea. Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, juu mbinguni na chini ardhini, wakarudi na mambo mema kwa nchi yao na wakalipwa kifungo. Mshitaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Na hapo ndipo pana tatizo. Mtu akishaitwa Majivuno, utaanzia wapi kumtetea? Majina yenyewe yameshatoa hukumu. Dakika kumi na tano za mwanzo tulikuwa tunampongeza Karama kama wageni waalikwa.

Aliyetuokoa ni kijana wa sheria. Alisimama akasema, kwa idhini ya kikao, yeye leo ni wakili wa Majivuno. Tukacheka. Akaendelea kwa uso mkavu: nchi hii ina utaratibu wake. Kila mjumbe anarudi na kutaka tubadilike kwa sababu ameona watu wengine wanavyoishi huko alikotoka. Je, kila kinachofaa kwa jirani kinatufaa? Nani alipima? Mwalimu akakasirika kweli, na ukimkasirisha Mwalimu kikao kimefana. Fundi cherehani naye akaleta swali ambalo sikuwa nimeliona kabisa: mjumbe wa kwanza amefungwa, wa pili amefungwa, wa tatu amefungwa, wa nne alikuwa anafikiri nini alipokubali kwenda? Ushujaa, utii, au kila mtu hujiona kwamba yeye hayatamkuta? Tukabaki na huyo mjumbe wa nne hadi mwisho.

Kwa hiyo Kusadikika nakipa nusu ya alama peke yake, na robo tatu kikiwa na wakili wa upande mbaya. Mbinu hiyo nimeitumia mara kadhaa tangu wakati huo kwa vitabu vyenye mwelekeo wa hekaya, ambapo wema na ubaya vimevaa sare. Mpe mtu mmoja kazi ya kumtetea asiyeteteka, na umpe mapema, ajiandae. Usimpe mhasibu, yeye atashinda.

Nipitie haraka yale maswali ya mjadala ambayo siku hizi wachapishaji huyaweka kurasa za mwisho za vitabu. Nimeyajaribu mara tano au sita. Mengi yanauliza umejifunza nini, mwandishi alikusudia nini, ni mhusika yupi uliyempenda. Mara tu ukilisoma swali la namna hiyo kwa sauti, migongo inanyooka na watu wazima wanarudi darasani, wanatafuta jibu litakalomridhisha mtu asiyekuwepo. Moja katika kumi hufaa. Hilo lichukue, mengine yaache huko huko mwisho wa kitabu.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ndiyo niliyoifikiria kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuipeleka. Ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, na baadaye ikageuka kuwa kitabu cha kufundishia mashuleni hayo hayo. Historia hiyo peke yake ingetosha kuwasha ubishi wa nani aliogopa nini, lakini nilijizuia kuanza nayo. Nimeona mara nyingi kwamba watu wakipewa mada moto wanaikimbilia mada na kukiacha kitabu. Mnatoka mmechoka, sauti zimekauka, na hakuna aliyefungua hata ukurasa mmoja.

Swali langu la kwenye karatasi lilikuwa hili: ni ukurasa upi ambao ungali unaweza kumwokoa Rosa? Kila mtu aje na ukurasa wake, auonyeshe kwa kidole. Fundi cherehani alifungua mwanzoni kabisa, pale Zakaria anapompiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Baada ya hapo, alisema, kila kitu ni mwangwi wa kipigo kile. Kijana akakataa, akafungua mbali zaidi, Rosa akiwa mkubwa, mbali na baba yake, akiwa na uhuru wake mkononi, akasema ukimwondolea Rosa uamuzi wote unamdhalilisha mara ya pili. Muuguzi akasema mama yake Rosa ana kurasa zake na hakuna hata mmoja wetu aliyezigusa. Kweli, hakuna aliyezigusa. Tukaanza kuzitafuta.

Mwalimu alikuwa kimya muda wote. Mwishoni alirudi kwenye kile kipigo, akavaa miwani, akausoma ukurasa mzima kwa sauti yake ya darasani, bila kuigiza. Akafunga kitabu. Hakueleza kwa nini, wala hatukumuuliza. Baada ya hapo mazungumzo yalihama kitabuni na kuingia kwenye maisha yetu wenyewe, baba zetu, mabinti zetu, na sitayaandika hapa. Bado sijaamua kama hapo kitabu kilifaulu au kilitutoroka. Kama unachagua kitabu ili watu wachambue kazi ya fasihi, fahamu kwamba hiki kitawabeba kwingine. Na kuna kujiua ndani yake. Waambie wenzako mapema, siku unayotangaza kitabu. Mimi sikusema, na muuguzi alinivuta pembeni akaniambia, kwa upole uliouma kuliko kelele, kwamba si kila mtu huingia ukurasa ule akiwa mzima.

Cha nne kiliwashinda wote: tamthilia ya Henrik Ibsen ya mwaka 1879, Et dukkehjem, yaani nyumba ya mwanasesere. Hiki tulikisoma kwa Kiingereza, na hapo hapo tukajikwaa kwenye bahati, kwa sababu tulikuja na tafsiri mbili tofauti. Wanaopanga vikao huhangaika kuhakikisha kila mtu ana toleo lile lile. Mimi sasa nafanya kinyume.

Kisa chenyewe kwa ufupi: Nora alikopa fedha kwa siri ili ampeleke mumewe mgonjwa Italia akapone, na kwenye hati ya mkopo akaigiza sahihi ya baba yake kama mdhamini. Alinaswa na tarehe. Baba alifariki tarehe 29 Septemba, sahihi imeandikwa tarehe 2 Oktoba. Mhasibu wetu alipofika hapo alikuwa kama mtu aliyeletewa zawadi. Alitusomea tarehe zile mara mbili. Kwake kesi ilikwisha: ni kughushi, na nia njema haiingii kwenye vitabu vya hesabu. Muuguzi akamuuliza, "Ungekuwa wewe ndiye mgonjwa?" Mhasibu akafikiri muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akifikiri, kisha akasema angepona, halafu angemshtaki.

Lakini moto wenyewe uko mwishoni. Mume anagundua siri, anamtukana mkewe, anamwambia hafai kulea watoto. Punde hati inarudishwa, hatari imepita, naye anapiga kelele kwamba ameokoka. Nora anauliza: na mimi je? Kisha anamkalisha chini, wanazungumza kwa mara ya kwanza katika miaka minane ya ndoa, anachukua vitu vyake na kuondoka. Anawaacha watoto watatu wamelala. Mume na nyumba ni jambo moja, watoto ni jingine, na Ibsen hakutusaidia. Hakumfanya mume kuwa jitu katili, wala hakuwafanya watoto wakubwa wa kujitegemea. Hakutuonyesha Nora anakwenda wapi.

Niliwaeleza kisa cha mwaka 1880: mwigizaji mmoja maarufu Ujerumani alikataa kuucheza mwisho ule kwa hoja kwamba yeye asingewaacha watoto wake. Ibsen, akiogopa wengine wasije wakamwandikia mwisho wao, akaandika mwenyewe mwisho mwingine, ambapo mume anamfikisha Nora kwenye mlango wa chumba cha watoto na Nora anashindwa kuondoka. Yeye mwenyewe aliuita ukatili dhidi ya tamthilia yake. Nikauliza: mngepewa kuchagua, mngecheza mwisho upi? Watu wanne kwa wanne. Fundi cherehani alibadilisha upande mara mbili katika nusu saa, na mara ya pili alimkasirikia aliyemshawishi.

Halafu zile tafsiri mbili. Maelekezo ya mwisho ya jukwaani yanahusu sauti ya mlango kutoka chini. Kitabu changu kinasema mlango umefungwa. Cha kijana kinasema umebamizwa. Mtu anayefunga mlango na mtu anayebamiza mlango si mtu mmoja, na tuligombania kitenzi hicho kimoja hadi mwenye chumba akaja kusimama mlangoni na funguo zake mkononi.

Dosari zake zipo. Mazungumzo ya pembeni kuhusu daktari rafiki wa familia yaliwachosha watatu, na kitendo cha kwanza kinajivuta. Asiye na subira ataiona Nora kama mtoto mjinga na kuacha kabla haijawa muhimu kwamba alionekana hivyo. Wahimize wavuke.

Nilifika nyumbani nikidhani yamekwisha. Saa tisa usiku simu ikatikisika kwenye kundi letu. Muuguzi, akiwa zamuni: "Funguo! Someni tena. Anamwambia mumewe funguo za nyumba ameziacha hapo. Anayekusudia kurudi haachi funguo."

Nilikuwa nimeshaanza kuandika jibu nilipoona mhasibu yuko macho.

"Au anataka safari nyingine afunguliwe mlango kama mgeni."